Sajili ya Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Kigoma

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, na ndugu wanaowauguza, na wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wanaotakiwa kujaza fomu bila kuelezwa fomu inakwenda wapi. Asiye na muda wa kusoma yote aanzie kwenye swali la kijiji na kata. Hapo ndipo mkoa wetu unapopotea kwenye hesabu.

## Mambo ya msingi

Sajili ya saratani ni nini hasa?

Ni kumbukumbu ya kudumu ya watu waliogundulika kuwa na saratani, mmoja mmoja: jina, umri, jinsia, makazi, aina ya saratani, na siku iliyogundulika. Haibagui aliyetibiwa na asiyetibiwa. Aliyegundulika Jumatatu akarudi kijijini bila dawa anaingia. Aliyefariki kabla majibu hayajatoka maabara anaingia pia.

Kazi hii si ngeni. Denmark inasajili saratani za nchi nzima tangu 1942, na hapa Afrika Mashariki jirani zetu wa Kampala walianza miaka ya 1950. Kanuni za kuhesabu zinasimamiwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, makao yake Lyon, Ufaransa. Kwa kufuata kanuni moja, namba ya Kasulu inaweza kuwekwa kando ya namba ya Kampala na mtu akapata la kujifunza.

MTUHA si inahesabu wagonjwa tayari? Kwa nini kazi mara mbili?

MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, inahesabu kitu kingine. Kitabu kinajazwa mgonjwa anapofika, mwisho wa mwezi zinajumlishwa idadi, na jumla hiyo ndiyo inayopanda wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Jumla haina jina. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akionekana kituo cha afya mwezi Machi, akapewa rufaa ya Maweni, hospitali yetu ya mkoa, Aprili, akapelekwa Hospitali ya Bugando Mei, anaweza kuonekana kwenye jumla za sehemu tatu. Safu za mahudhurio mapya na ya marudio haziondoi tatizo hili, kwa sababu kila kituo kinamwona yeye kwa mara ya kwanza.

MTUHA inatosha kabisa kwa kazi yake ya kuagiza dawa na kupanga watumishi. Swali la sajili ni jingine: mwaka huu, kati ya watu wanaoishi hapa, ni wangapi wameugua saratani ambao mwaka jana hawakuwa nayo? Huwezi kulijibu bila kujua kwamba yule wa Machi, wa Aprili na wa Mei ni mama mmoja.

Sajili ya hospitali na sajili ya jamii zinatofautianaje?

Sajili ya hospitali inaandika kila aliyefika hospitalini hapo, awe ametoka wapi. Sajili ya jamii inaandika kila mkazi wa eneo fulani, awe ametibiwa wapi. Ya kwanza inamsaidia daktari kujua wagonjwa wake wanaendeleaje. Ya pili ndiyo pekee inayoweza kusema saratani ni nyingi au chache kwa watu wa mahali, kwa sababu ina kigawanyo, yaani idadi ya watu wote wa eneo hilo. Kwa mkoa wa Kigoma kigawanyo hicho ni sensa: mwaka 2022 tulihesabiwa watu 2,470,967.

Ugumu wetu uko wazi. Wagonjwa wetu wengi wa saratani huishia Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Majalada yao yanabaki huko. Anayetaka kujua saratani za Kigoma lazima ayafuate nje ya Kigoma.

Kuandikwa kwangu kunanisaidia nini mimi mgonjwa?

Matibabu yako hayabadiliki kwa sababu umeandikwa, na asikudanganye mtu. Faida inakwenda kwa watakaofuata.

Chukua chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mabinti wale watafika umri ambao saratani ya mlango wa kizazi huanza kuonekana miaka mingi baadaye. Ili siku hiyo tuweze kusema chanjo imewakinga mabinti wa Uvinza na Kibondo, ni lazima tujue leo mama zao na shangazi zao wanaugua kwa kiasi gani. Hesabu hiyo haiwezi kufanywa kwa kurudi nyuma. Visa visivyoandikwa mwaka huu vimekwenda.

Vivyo hivyo kwa mashine ya mionzi, kwa wataalamu wa patholojia wanaochunguza vipande vya nyama, kwa dawa za maumivu. Mkoa usio na namba huomba kwa maneno matupu.

## Kisa kinavyopatikana

Wasajili huwapata wapi wagonjwa?

Huwafuata kwenye makaratasi, chumba kwa chumba. Chanzo cha kwanza ni maabara ya patholojia, kwenye majibu ya vipande vya nyama vilivyokatwa. Halafu kitabu cha upasuaji, ambako huandikwa kilichoonekana tumbo lilipofunguliwa. Vitabu vya wodi, vya kulaza na kuruhusu. Kitengo cha ultrasaundi. Maabara ya damu. Kliniki ya macho, kwa ajili ya watoto. Kliniki ya CTC (matunzo na tiba ya VVU), kwa sababu saratani ya Kaposi inaambatana sana na virusi vya Ukimwi. Chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi. Huduma ya tiba shufaa, ya kupunguza maumivu, inayowafikia watu waliokwisha kurudishwa nyumbani. Mwisho, kumbukumbu za vifo.

Hii ni kazi ya kupitia Maweni na hospitali za wilaya, na hospitali za misheni kama Kabanga na Heri. Hospitali za misheni zisiachwe hata kidogo. Familia nyingi huzikimbilia kwanza, na upasuaji mwingi umefanyika huko kwa miaka.

Msajili akimkuta mtu mmoja kwenye vyanzo vitatu, asione amepoteza muda. Kukutana huko ndiko kunakomwonyesha kwamba wavu wake umeshika. Akiona karibu kila mgonjwa anapatikana mahali pamoja tu, na hakuna anayejirudia, ajiulize ni wangapi hawakupatikana popote.

Daktari au muuguzi asipopeleka taarifa, mgonjwa anapotea?

Ziko nchi ambako sheria inamlazimu daktari kupeleka taarifa, na sajili inasubiri zije. Sajili nyingi za Afrika hazisubiri: msajili anakwenda mwenyewe kutafuta. Kwa hiyo muuguzi aliyezidiwa na wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja halaumiwi kwa kutotuma fomu.

Lakini msajili hawezi kupata kisichoandikwa. Ukiandika kwenye kitabu cha upasuaji “uvimbe umetolewa” ukaishia hapo, umemfungia mlango. Andika uvimbe wa wapi, ulionekanaje, na kipande kimepelekwa maabara gani.

Mgonjwa asiye na majibu ya kipande cha nyama anasajiliwa?

Ndiyo. Hili linaulizwa sana, na wengi wana jibu lisilo sahihi: wanaamini pasipo majibu ya patholojia hakuna saratani ya kuandika. Mzee aliyeshindwa kumeza, akakonda, na daktari akamtambua kuwa na saratani ya umio, anaandikwa. Bibi aliyeonekana kwa ultrasaundi ana uvimbe wa ini wa saratani, naye anaandikwa.

Kinachofanyika ni kuandika pia saratani ilijulikanaje. Kuna namba za kimataifa za jambo hilo: 0 ni cheti cha kifo peke yake, 1 ni uchunguzi wa daktari tu, 2 ni vipimo kama eksirei, ultrasaundi au upasuaji bila kipande, 4 ni vipimo maalumu vya damu vinavyoonyesha saratani, 5 ni chembe zilizovutwa kwa sindano au kutazamwa kwenye majimaji, 6 ni kipande kutoka mahali saratani iliposambaa, 7 ni kipande kutoka pale ilipoanzia. Namba 9 ni haijulikani. Msajili huandika ile yenye nguvu kuliko zote zilizopatikana, na huibadilisha ushahidi bora ukija baadaye.

Sajili inayosema asilimia karibu mia ya visa vyake vimethibitishwa maabara inasikika nzuri, ila kwa mkoa kama wetu inatia shaka. Maana yake huenda msajili amekaa maabara tu, na wagonjwa wa ini, kongosho na umio, ambao mara nyingi hawakatwi kipande, wameachwa nje.

Imeandikwa “saratani?” na alama ya kuuliza. Inatosha?

Peke yake haitoshi. Jina linawekwa kando na kufuatiliwa. Daktari akishaanza kumtibu mgonjwa kama mwenye saratani, au akampa rufaa kwa ugonjwa huo bila shaka, anaandikwa kwa ushahidi wa daktari (namba 1 katika swali lililotangulia).

Kila uvimbe unasajiliwa?

Hapana. Mayoma ya kizazi, uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, vifundo visivyo vya saratani kwenye titi la msichana: hivi haviingii. Kanuni hugawa uvimbe kwa tabia yake, kwa namba inayofuata mkwaju. /0 si saratani, /1 hauna uhakika, /2 ni saratani ambayo haijavuka tabaka la juu, /3 ni saratani kamili inayovamia. Takwimu za saratani unazozisoma hujengwa juu ya /3. Sajili nyingi huandika pia uvimbe wa ubongo usio wa saratani, kwa sababu ndani ya fuvu hata usio wa saratani unaweza kuua.

Mwanamke aliyepimwa kwa siki akaambiwa kuna mabadiliko ya awali hana saratani, wala haandikwi kuwa nayo. Tunalisema kwa uzito kwa sababu wapo wanaokimbia uchunguzi wakidhani kuonekana na doa jeupe ni hukumu. Doa hilo linatibiwa, mara nyingi siku hiyohiyo, na matibabu hayo ndiyo yanayomzuia asije akaingia kwenye sajili yetu.

## Kinachoandikwa

Kwa nini mnasisitiza kijiji na kata? “Kigoma” haitoshi?

Haitoshi, na tungependa kila mhudumu anayejaza rufaa alisome jibu hili mara mbili.

“Kigoma” ni mkoa, ni Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ni wilaya ya Kigoma vijijini. Jalada likifika Mwanza au Dar es Salaam limeandikwa neno hilo moja, hakuna anayeweza kujua mgonjwa ni wa Mwanga, wa Kalinzi au wa Buhigwe. Kibaya zaidi, mara nyingi anayeandikwa si mgonjwa bali mahali alipofikia. Mama wa Kakonko anakwenda Dar, analala kwa mwanawe Mbagala, na dirishani anaulizwa, “Unakaa wapi?” Anajibu Mbagala, kwa sababu ndiko alikolala jana. Tangu hapo ni mgonjwa wa Dar es Salaam. Kakonko imepungukiwa na mtu mmoja, Temeke imeongezewa, na hakuna aliyesema uongo.

Likitokea kwa wagonjwa wengi, mkoa unaonekana hauna saratani. Halafu mtu mwenye kalamu ya bajeti anasoma namba hizo na kuamini.

Swali linalofaa ni hili: “Kabla hujaugua, ulikuwa unaishi kijiji gani?” Andika kitongoji au mtaa, kijiji, kata, wilaya. Mhudumu wa zahanati ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu anavijua vijiji. Akiandika vizuri kwenye barua ya rufaa, barua hiyo itasema kweli hata mgonjwa akifika mbali akiwa amechoka, hana nguvu ya kujibu maswali. Na wewe unayemsindikiza ndugu yako, likumbuke jibu hilo kwa niaba yake.

Jina langu limeandikwa tofauti kila hospitali. Itakuwaje?

Ni kawaida sana huku. Bukuru anaandikwa Bukulu, Ndayishimiye anafupishwa, mwanamke anaandikwa kwa jina la mume hospitali moja na la baba nyingine, na ya tatu inamwandika Mama Fulani. Kabla ya kumwingiza mtu, msajili hutafuta wanaofanana naye kwa jina, jinsia, umri, kijiji na aina ya saratani. Programu ya CanReg, inayotolewa bure na shirika la Lyon na kutumiwa na sajili nyingi za Afrika, huonyesha majina yanayokaribiana ili binadamu aamue. Namba ya NIDA au ya bima ikiwepo, shaka inaisha haraka. Andika majina matatu kila mara.

Mgonjwa hajui mwaka aliozaliwa. Tuache wazi?

Usiache wazi, na usikadirie kwa kumtazama uso. Uliza alikuwa na umri gani wakati wa Uhuru mwaka 1961, au Operesheni Vijiji miaka ya 1970, au Vita vya Kagera vya 1978. Bibi anayesema alimzaa kifungua mimba mwaka wa vita amekupa mahali pa kuanzia. Saratani hubadilika sana kwa umri, na kisa kisicho na umri hakiingii kwenye hesabu nyingi.

Tarehe gani inahesabiwa: ya dalili, ya kipimo au ya majibu?

Ya dalili haitumiki, kwa sababu kila mtu hukumbuka kwa namna yake. Sajili nyingi huchukua siku kipande kilipokatwa. Kama hakuna kipande, ni siku mgonjwa alipoonekana hospitali kwa ugonjwa huo. Tarehe ya kifo hutumika pasipo na nyingine yoyote. Majibu yakichelewa miezi miwili Dar, tarehe hairuki nayo.

C53.9 na 8070/3 ni nini?

Ni namna moja ya kusema jambo lilelile duniani kote. Sehemu inayoanza na C ni mahali saratani ilipoanzia: C53 ni mlango wa kizazi, C50 titi, C61 tezi dume, C15 umio. Namba ya tarakimu nne ni aina ya chembe zilizoonekana kwenye hadubini, na inayofuata mkwaju ni tabia, kama ilivyoelezwa kwenye swali la kila uvimbe. Mgonjwa hahitaji kuzijua.

Hatua ya ugonjwa nayo huandikwa inapopatikana. Kwa mahali pasipo na vipimo vingi kuna njia iliyorahisishwa: je, imesambaa mbali? Kama hapana, je, imefika kwenye tezi za jirani? Kama hapana, ni kubwa kiasi gani? Daktari akiandika jibu la swali la kwanza tu, tayari ametusaidia sana.

## Mgonjwa anaposafiri

Nilianzia Maweni, nikaenda Bugando, nikamalizia Ocean Road. Nahesabiwa mara ngapi?

Mara moja, na unahesabiwa Kigoma. Taarifa za hospitali zote tatu hukusanywa kwenye rekodi moja: Maweni huenda ikachangia kijiji sahihi, Bugando majibu ya patholojia, Ocean Road matibabu.

Nimehamia kabisa kwa mwanangu Dar. Mimi ni wa wapi sasa?

Angalia ulikuwa unaishi wapi saratani ilipogundulika. Kama ulikuwa tayari umehamia kabla ya kugundulika, wewe ni wa Dar es Salaam. Kama umehama kwa ajili ya matibabu, wewe ni wa Kigoma, hata ukikaa huko miaka mitano.

Wagonjwa wanaovuka ziwa kutoka Kongo, au wanaotoka Burundi?

Wanatibiwa kama wengine wote. Kwenye sajili huandikwa makazi yao ya kweli, na hawaingii kwenye namba za mkoa, kwa kuwa hawamo kwenye kigawanyo.

Wakimbizi ni jambo jingine. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na mtoto aliyezaliwa pale mwaka huo leo ni mtu mzima. Kumwita mgeni wa kupita si sahihi. Mkazi wa kambi aandikwe kwa jina la kambi, waziwazi. Anayetayarisha ripoti ataamua kuwahesabu pamoja na wenyeji au peke yao, mradi watu anaowaweka juu ndio hao hao alio nao kwenye kigawanyo. Akichanganya, ataishusha au kuipandisha Kasulu bila sababu.

Aliyekwenda kwa mganga wa jadi tu, au aliyefia nyumbani?

Hawa ndio wengi wanaotuponyoka. Vifo vingi vya nyumbani havisajiliwi, na vinavyosajiliwa mara nyingi havina sababu iliyothibitishwa na daktari. Habari ya msibani kwamba marehemu “alikuwa na kansa” haitoshi kumwandika, ila inatosha kumfanya msajili arudi kwenye vitabu vya hospitali iliyo jirani kutafuta jina. Mara nyingine anakuta marehemu aliwahi kufika mara moja, akaambiwa aende rufaa, akakosa nauli. Huyo anaandikwa.

## Siri ya mgonjwa

Majirani au mwajiri wangu watajua?

Hawatakiwi kujua. Jina linahitajika ndani ya sajili kwa sababu moja, usihesabiwe mara mbili. Linapotoka nje kama takwimu, jina halimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kati ya zile nyeti. Fomu hufungiwa kabatini, kompyuta ina nywila, na anayeshika kazi hii hula kiapo cha kutunza siri.

Kuna hatari moja ambayo kufuli halizuii. Ripoti ikisema kijiji fulani chenye kaya chache kilikuwa na mtoto mmoja mwenye saratani ya jicho, kila mtu wa kijiji amemjua. Kwa hiyo namba ndogo hazitolewi kwa kijiji; hutolewa kwa wilaya au mkoa, au kwa miaka kadhaa kwa pamoja.

Familia haijamwambia mzee kwamba ni saratani. Msajili atamwambia?

Hapana. Msajili anasoma jalada, hatoi majibu ya ugonjwa kwa mtu yeyote. Akilazimika kumuuliza mgonjwa jambo, anauliza kijiji na umri kama karani mwingine yeyote. Mazungumzo ya ugonjwa ni ya daktari, mgonjwa na watu wake.

## Kesi ngumu

Mtu mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa na saratani mbili?

Anaweza, iwapo kila moja imeanza yenyewe. Saratani ya titi leo na ya mlango wa kizazi baada ya miaka mitatu ni mbili. Saratani ya titi iliyosambaa mpaka kwenye ini ni moja. Viungo vya jozi vikipata saratani ya aina ileile, kwa kanuni za kimataifa ni moja: mtoto mwenye saratani ya jicho pande zote mbili ni kisa kimoja. Kaposi nayo huhesabiwa mara moja maishani, hata ikitokea miguuni, kinywani na mapafuni.

Ilipona, imerudi baada ya miaka saba. Ni mpya?

Siyo mpya. Ni ileile, na mwaka wake ni ule wa kwanza.

Imekutwa kwenye ini au mifupa, na haijulikani ilipoanzia.

Isiandikwe saratani ya ini. Iandikwe C80.9, mahali pa kuanzia hapajulikani, mpaka ushahidi upatikane. Kosa hili huongeza saratani za ini ambazo hazipo.

Saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino inahesabiwa?

Iandikwe kila mara. Nchi nyingi za watu weupe huacha saratani za kawaida za ngozi nje ya jumla zao, kwa sababu ni nyingi mno kwao na haziui mara nyingi. Kanuni hiyo ikiletwa huku bila kufikiriwa, inawafuta watu ambao saratani hiyo inawaua wakiwa vijana. Kwenye fomu andika pia kwamba mgonjwa ana ualbino, maana bila hilo rekodi haisemi lolote la kusaidia kupata mafuta ya kujikinga na jua, kofia au kliniki ya ngozi.

Watoto wanasajiliwa tofauti?

Fomu ni moja, ila makundi ni tofauti: saratani za watoto hupangwa kwa aina ya chembe kuliko kwa kiungo. Mfano wa karibu nasi ni uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari Afrika Mashariki na Kati, hospitali kwa hospitali, wakiuliza nani ameuona. Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaeleweka kwamba malaria ni sehemu ya chanzo, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr. Kigoma ni mkoa wa malaria. Mtoto aliyevimba taya kwa wiki chache asiandikwe jino bovu akaachwa hapo. Apelekwe haraka, kwa sababu ugonjwa huu hukua upesi na dawa zinauponya ukiwahiwa.

Majibu ya pili yamesema si saratani. Jina linabaki?

Linaondolewa kwenye hesabu, na sababu inaandikwa ili asije akaingizwa tena kutoka kwenye kitabu cha zamani.

## Kuzisoma namba

Kwa nini ripoti ya mwaka fulani hutoka miaka miwili au mitatu baadaye?

Majibu ya maabara huchelewa, wagonjwa hupatikana kwenye hospitali za mikoa mingine, majina yanalinganishwa. Ripoti ya haraka ingekuwa na watu wale waliopatikana kirahisi tu.

Namba zimepanda. Saratani inaongezeka?

Huenda, na huenda siyo. Akija daktari bingwa, au mashine mpya ya kipimo, au msajili mwenye bidii, visa hupanda bila watu kuugua zaidi. Watu wakiongezeka visa huongezeka pia. Ndiyo maana hutazamwa kiwango kwa kila watu 100,000, kikiwa kimerekebishwa kwa umri, ili mkoa wenye vijana wengi kama wetu ulinganishwe kwa haki na mahali penye wazee wengi.

Zile namba za Tanzania nzima zinatoka wapi?

Ni makadirio ya shirika la Lyon. Kwa mwaka 2020 lilikadiria zaidi ya visa vipya 40,000 nchini. Hakuna aliyewahesabu watu hao mmoja mmoja. Zimechukuliwa namba za maeneo machache yenye sajili na kutandazwa juu ya nchi nzima. Mkoa usiosajili unakadiriwa kwa sura ya mikoa mingine.

Kijijini kwetu wamefariki watano kwa saratani. Kuna kitu kwenye maji?

Swali hili linastahili kusikilizwa, na anayelileta asionekane mtu wa uvumi. Kwanza hutazamwa kama ni saratani ya aina moja. Tezi dume ya mzee wa miaka 80, titi la mama wa miaka 50 na umio wa jirani yao hazina chanzo kimoja. Wakiwa ni aina moja, au aina isiyo ya kawaida kwa umri wao, jambo linakuwa zito zaidi. Halafu huangaliwa walikaa hapo muda gani, kwa sababu saratani nyingi huchukua miaka mingi kujitokeza, na aliyehamia juzi alikuja nayo.

Andika orodha kabla ya kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya: umri wa kila mmoja, aina ya saratani na hospitali iliyosema hivyo, mwaka aliogundulika, mwaka aliohamia kijijini, kazi aliyofanya. Ambatanisha nakala za karatasi za hospitali kama familia zimeridhia. Kwa orodha hiyo msajili anaweza kulinganisha kijiji chenu na wilaya nzima.